Mbunge wa Marekani akikiasi chama chake, nani humwadhibu?

Mwana wa Pangani aliuliza:

Wakuu, naomba mnisaidie jambo ambalo limenitatiza tangu nilipoanza kufuatilia siasa za Marekani kwa umakini, yaani tangu bunge lao lilipovamiwa tarehe 6 Januari 2021.

Sisi Tanzania tumezoea kwamba mbunge ni wa chama kwanza. Chama ndicho kinachompitisha, na akishavuliwa uanachama, Katiba yenyewe inamwondolea ubunge. Kwa hiyo nilipomwona Liz Cheney wa Wyoming, mtoto wa aliyekuwa makamu wa rais wa chama hichohicho cha Republican, akipiga kura ya kumshtaki Donald Trump bungeni kwa kuchochea uvamizi huo, nikakaa kusubiri habari za kufukuzwa kwake. Nilisubiri sana. Mwezi Mei wenzake walimvua uongozi aliokuwa nao katika kundi la wabunge wa Republican, na Novemba kamati ya chama ya Wyoming ikaamua, kwa kura 31 dhidi ya 29, kwamba haimtambui tena kuwa Republican. Hata hivyo ubunge wake haukuguswa, na mwaka uliofuata aligombea tena kwa tiketi ya chama ambacho kilikuwa kimesema hakimjui.

Sasa maswali yangu ni mawili. Kwanza, kama chama hakina rungu la kumpiga nalo muasi, kwa nini wabunge wengi wanaonekana kukiogopa kuliko wetu wanavyoviogopa vyama vyetu? Pili, mtu akishindwa ndani ya chama, kwa nini asijitoe tu akasimama kama mgombea binafsi, maana kwao jambo hilo linaruhusiwa?

---

Karani Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwana wa Pangani, umeuliza vizuri, na kosa dogo lililomo katika swali lako ndilo lenye jibu. Unadhani kwamba tiketi ni mali ya chama. Marekani si hivyo. Mtu huwa Republican au Democrat kwa kujiandikisha hivyo katika daftari la wapiga kura la serikali, na katika baadhi ya majimbo daftari hilo halina hata nafasi ya kuandika chama. Mtu huyo halipi ada wala hana kadi ambayo mwenyekiti anaweza kumnyang'anya. Mchujo wa kumpata mgombea husimamiwa na serikali ya jimbo kwa fedha za umma katika sehemu kubwa ya nchi, na sheria ya jimbo ndiyo inayosema jina la nani litakuwa kwenye karatasi. Kamati ya Wyoming ilipotoa tamko lake, ilikuwa kama ukoo unaotangaza kwamba fulani si mtoto wao: maneno mazito, lakini cheti cha kuzaliwa hakibadiliki.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika nafasi ya urais, hadi mwaka 1968 wakubwa wa vyama walikuwa na sauti ya mwisho. Mwaka huo mkutano mkuu wa Democratic uliofanyika Chicago ulimpitisha Hubert Humphrey, ambaye hakuwa ameshindana katika mchujo wa jimbo lolote, huku nje polisi wakiwatwanga virungu vijana waliopinga vita vya Vietnam. Humphrey alishindwa na Nixon, na chama kikaunda tume ya kurekebisha utaratibu. Kuanzia 1972 majimbo mengi yaligeukia mchujo unaofunga mikono ya wajumbe, na kwa kuwa sheria zilizobadilishwa zilikuwa za majimbo, Republican nao wakajikuta ndani ya utaratibu huohuo.

Kwa hiyo rungu lipo, isipokuwa limehama mikono. Analishika mpiga kura wa mchujo, na huyo ni mtu wa aina ya pekee, kwa sababu wanaojitokeza siku hiyo ni wachache na ndio wenye hasira zaidi. Joe Crowley wa New York alikuwa bungeni tangu 1999, akiwa mtu wa nne kwa cheo miongoni mwa Democrat wa Baraza la Wawakilishi. Mwezi Juni 2018 aliangushwa na Alexandria Ocasio-Cortez, binti ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akihudumu katika baa, katika mchujo ambao kura zote hazikufika 30,000, ilhali eneo lile lina watu wapatao 700,000. Hakuna kikao cha chama kilichomwondoa Crowley. Vikao vyote vilikuwa upande wake.

Ukitaka kupima uzito wa rungu hilo, waangalie Republican 10 wa Baraza la Wawakilishi waliopiga kura ya kumshtaki Trump Januari 2021. Wanne hawakugombea tena. Wanne waligombea na kuangushwa katika mchujo, akiwemo Cheney, ambaye Agosti 2022 hakufikisha hata asilimia 30 mbele ya Harriet Hageman, mwanamke ambaye miaka ya nyuma alikuwa akimuunga mkono yeye huyohuyo Cheney. Waliorudi bungeni ni wawili tu, David Valadao wa California na Dan Newhouse wa Washington. Sidhani kwamba ni sadfa kuwa majimbo yao ndiyo yenye mchujo wa pamoja, ambamo wagombea wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja na wawili wa juu huenda uchaguzi mkuu wa Novemba. (Jaime Herrera Beutler naye alitoka Washington na bado aliangushwa, kwa hiyo mchujo wa namna hiyo si kinga kamili.)

---

Mlamu wa Houston alijibu:

Naungana na Ndugu Karani, ila mimi naishi ndani ya jambo hili, na kwa karibu lina sura nyingine.

Hapa Texas daftari la wapiga kura halina chama. Mwezi Machi, siku ya mchujo, unaingia ukumbini, unatoa kitambulisho, na kabla ya kupewa karatasi unaulizwa swali moja: ya Republican au ya Democratic? Mara yangu ya kwanza baada ya kupata uraia nilijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu, kwa sababu nyuma yangu palikuwa na jirani ninayesali naye. Moyo wangu uko kwa Democratic. Lakini katika eneo letu Republican hushinda kila Novemba bila jasho, kwa hiyo uchaguzi wenyewe hasa ni ule wa Machi, na asiyechukua karatasi ya Republican anakuwa amekaa nje ya nyumba wakati urithi unagawanywa. Nikaichukua. Jirani yangu aliniuliza baadaye kama nimehama chama, nikamwambia kwamba sijahama popote, nimekwenda tu kumchagua atakayenitawala. Hakufurahi, na mpaka leo wako wenzangu wa upande wa Democratic wanaoniona msaliti kwa jambo hilohilo.

Sasa tazameni kilichotokea hapa. Mei 2023 Baraza la Wawakilishi la Texas, ambalo Republican ndio wengi, lilimshtaki Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, naye Republican, kwa kura 121 dhidi ya 23. Septemba Seneti ya jimbo ikamwachia huru. Badala ya kushukuru Mungu na kurudi ofisini, Paxton alianza kuzunguka maeneo ya wabunge wa chama chake mwenyewe waliompigia kura ya kumshtaki, akiwanadi wapinzani wao. Katika mchujo wa 2024 kadhaa wao walikwenda na maji. Spika aliyeliongoza Baraza hilo, Dade Phelan, alitanguliwa mwezi Machi, akaponea chupuchupu katika marudio ya Mei kwa tofauti ya kura zisizofika 400, na Desemba akaacha kuwania tena uspika kwa kuona kwamba wenzake wengi wamemkimbia.

Kwa hiyo, Mwana wa Pangani, wabunge wa huku hawakiogopi chama kama taasisi. Wanamwogopa mtu yeyote mwenye uwezo wa kuwaletea mpinzani mwezi Machi. Jana alikuwa tajiri fulani, leo ni Trump au Paxton, na mbunge anapopiga kura bungeni masikio yake yako kwa huyo.

---

Sikio la Mji alijibu:

Ndugu zangu, nimewasoma wote wawili na nakubali kwa sehemu. Ninachokikataa ni ile sura mnayoichora ya viongozi wa chama kama watazamaji wasio na mkono. Wanao mkono, na New York mwaka 2025 waliuficha mfukoni mchana kweupe.

Zohran Mamdani, ambaye wengi wetu tulimfuatilia kwa sababu alizaliwa Kampala, alishinda mchujo wa Democratic wa umeya mwezi Juni, akimshinda gavana wa zamani, Andrew Cuomo. Ushindi wenyewe haukuwa wa kubahatisha. Kwa miaka mingi watu wa mrengo wa kushoto, wafuasi wa Bernie Sanders hasa, wamekuwa wakihubiriwa kwamba mchujo ukiisha ugomvi umeisha, na kila mmoja anapaswa kusimama nyuma ya mshindi bila kujali ni nani. Mshindi alipotoka upande wao, mahubiri yakapotea. Gavana Kathy Hochul alimuunga mkono Septemba. Mwenyekiti wa chama wa jimbo, Jay Jacobs, alisema wazi kwamba hatamuunga mkono. Hakeem Jeffries, kiongozi wa Democrat katika Baraza la Wawakilishi na mkazi wa Brooklyn, ndani ya jiji hilohilo, alisubiri hadi tarehe 24 Oktoba, siku moja kabla ya upigaji kura wa mapema kuanza. Chuck Schumer, kiongozi wao katika Seneti, hakumuunga mkono kabisa na alikataa kusema amempigia nani kura. Cuomo naye alibaki kwenye karatasi ya Novemba kupitia chama kidogo alichokianzisha mwenyewe, na dakika za mwisho akaungwa mkono na Trump. Hebu fikirieni: gavana wa zamani wa Democratic anapigiwa debe na rais wa Republican ili amwangushe mgombea halali wa Democratic!

Mamdani alishinda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kura. Nyinyi mnauliza nani humwadhibu muasi wa chini. Mimi nauliza nani huwauliza hao wakubwa, kwa maana utiifu huo naona unapanda tu kwenda juu, haushuki.

---

Mwana wa Pangani aliandika:

Nawashukuru sana. Sikio la Mji, hapo umenigusa, kwa sababu nilidhani mambo ya namna hiyo ni ya kwetu peke yetu. Lakini bado swali langu la pili halijajibiwa vizuri. Ikiwa Cuomo aliweza kushindwa Juni na kurudi Novemba, kwa nini Cheney hakufanya vivyo hivyo?

---

Karani Mstaafu alijibu:

Kwa sababu sheria ni za majimbo, na majimbo mengi yamempiga marufuku aliyeshindwa katika mchujo asirudi kwenye karatasi ya Novemba kwa mlango mwingine. New York na Connecticut ni miongoni mwa machache yenye mwanya. Joe Lieberman, aliyekuwa mgombea mwenza wa Al Gore mwaka 2000, alishindwa na Ned Lamont katika mchujo wa Democratic wa Connecticut mwaka 2006 kwa sababu ya kuunga mkono vita vya Iraq, akasimama peke yake Novemba na akashinda. Wyoming mwanya huo haukuwepo. Uliokuwepo ni mwingine: mpiga kura aliweza kubadilisha chama siku yenyewe ya mchujo, na kampeni ya Cheney iliwaelekeza Democrat namna ya kufanya hivyo. Hawakutosha katika jimbo ambalo Trump alipata karibu asilimia 70 mwaka 2020, na mwaka 2023 bunge la Wyoming likauziba mwanya huo pia.

Mahali ambapo mlango ulifungwa na mtu akapita dirishani ni Alaska. Mwaka 2010 Seneta Lisa Murkowski alishindwa katika mchujo wa Republican na Joe Miller. Sheria haikuruhusu jina lake lichapishwe Novemba, lakini haikumkataza mpiga kura kuliandika kwa mkono. Basi kampeni yake ikawa darasa la imla. Waligawa vikuku vya mpira vyenye jina lake, ili mtu akiwa ndani ya kibanda atazame mkono wake na kunakili, herufi kwa herufi, jina la Kipolandi ambalo hata wapenzi wake walikuwa wakilikosea. Watu zaidi ya 100,000 waliliandika. Wakati wa kuhesabu huko Juneau, mji mkuu wa jimbo, wanasheria wa pande mbili waliinama juu ya karatasi mojamoja wakibishana kuhusu irabu, kwa kuwa Miller alitaka kila jina lililokosewa likataliwe. Mahakama ya Juu ya Alaska ilisema kwamba nia ya mpiga kura ikieleweka, tahajia haimnyimi kura yake. Kabla yake, seneta wa mwisho kushinda kwa kuandikwa jina namna hiyo alikuwa Strom Thurmond wa South Carolina, mwaka 1954.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2020, wapiga kura wa Alaska walipitisha mchujo wa pamoja unaopeleka wanne Novemba, ambako wapiga kura huwapanga kwa namba. Murkowski alikuwa miongoni mwa Republican saba wa Seneti waliopiga kura ya kumtia Trump hatiani, na ndiye pekee kati yao aliyesimama mbele ya wapiga kura mwaka 2022. Chama cha jimbo kilimuunga mkono mpinzani wake, Kelly Tshibaka. Trump naye vilevile. Murkowski alirudi Seneti. Mwaka 2024 utaratibu huo ulipigiwa kura ili ufutwe, na uliokolewa kwa tofauti ya kura chini ya 1,000.