Naomba ushauri: mama mkwe anataka mtoto aitwe Tabu

Habari zenu ndugu zangu. Nimejifungua binti hapa Dodoma, mvua ikinyesha, baada ya ujauzito mgumu sana. Mama mkwe anataka aitwe Tabu, kufuata hali aliyozaliwa nayo, kama walivyo kina Shida, Mashaka na Sikujua. Namheshimu mno, ndiye aliyeniuguza miezi yote. Ila roho yangu inakataa mtoto abebe maumivu yangu hadi kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA.

Mimi napenda Mwamvua, aliyezaliwa wakati wa mvua, maana kwa ukame wa huku mvua ni neema kubwa. Baba yake anataka Nyemo, yaani furaha kwa Kigogo.

Mnaoitwa Tabu au Shida, mliishije na jina shuleni? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?