Miti ya Yoshua ya Mojave: ikatwe kupisha umeme wa jua?

Mleta mada
Wakuu, hili linanikaa moyoni, naomba tulijadili. Naendesha lori huku California, barabara ya 58, Barstow kwenda Bakersfield. Karibu na mji mdogo wa Boron ndiko yalikozuka mabishano. Mwaka 2021 Kaunti ya Kern iliidhinisha mradi wa umeme wa jua ambao ulihitaji kukatwa kwa maelfu ya miti ya Yoshua, yaani yuka kubwa za Jangwa la Mojave, zile zenye mikono iliyoinuliwa na majani makali kama visu. Sheria ya jimbo ya kuilinda ilisainiwa Julai 2023, mradi ukiwa na kibali chake tayari.

Umeme wa jua nautaka. Ila usijengwe juu ya miti hii. Kuna mapaa, kuna maegesho ya magari yasiyo na kivuli, kuna mashamba ya Bonde la San Joaquin yaliyoachwa kwa kukosa maji.

Wengi hujibu, "itapandwa mingine." Basi niwaeleze jinsi mti huu unavyozaa. Una mchavushaji mmoja tu, nondo mdogo kiasi cha ukucha. Usiku nondo jike hukwangua chavua kwenye ua, akaiviringisha donge na kulibana chini ya kidevu. Huruka hadi ua jingine, akatoboa kifuko cha mbegu na kutaga humo. Kisha hupanda hadi ncha ya ua na kuibandika ile chavua kwa makusudi kabisa. Viwavi wake watakula sehemu ya mbegu, zinazobaki ni za mti. Nondo akikosekana hakuna mbegu, na mti ukikosekana hakuna nondo. Mche nao huota chini ya kichaka kinachouficha na jua na sungura, na hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Huo ndio mti mnaosema tutaupanda tena?

Mchangiaji wa 2
Mkuu, uchungu wako naupata, ila hesabu yako siikubali. Agosti 2020 radi iliwasha moto Cima Dome, ndani ya hifadhi ya Mojave. Ekari zaidi ya 43,000 ziliungua na miti ya Yoshua inayokadiriwa kufika milioni 1.3 ikafa. Mwaka 2023 moto ukarudi kwenye hifadhi hiyohiyo. Jangwa la zamani halikuwa na cha kuunguza kati ya mti na mti. Sasa limejaa nyasi za kigeni, zikikauka ni petroli. Ongeza na joto linalozidi kupanda. Tusipoacha kuchoma gesi ili kupata umeme, hata hiyo ya Boron itakufa imesimama. Afadhali tupoteze elfu chache leo.

Mchangiaji wa 3
Niko Tanga, samahani kwa kuingilia. Mti wenyewe una faida gani kwa binadamu?

Mleta mada
Karibu sana ndugu yangu. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkonge wenu uliofika mwaka 1893 kutoka Amerika. Wacahuilla, wenyeji wa asili wa kusini mwa California, walitumia majani yake kutengeneza ndara na vikapu, na mbegu wakala. Yuka nyingine ya hukuhuku, ile fupi, mizizi yake ukiiponda na maji inatoa povu. Walifulia na kuoshea nywele. Leo huvunwa Baja California, Mexico, na dondoo lake hutiwa kwenye soda ili zitoe povu, na kwenye chakula cha mifugo kupunguza harufu ya amonia mabandani. Mfugaji wa kuku anajua thamani ya hilo.

Ila nisimalizie kwa binadamu. Tawi likianguka, chini yake huishi mjusi mdogo ambaye maisha yake yote anaweza kuyamalizia kwenye gogo hilo.

Mchangiaji wa 4
Mimi ni mkazi wa Palmdale. Kwa sheria hiyo ya 2023, ukitaka kuondoa mti wa mita 5 kwenda juu kiwanjani mwako unaomba kibali, na ada iliwekwa dola 2,500 mwaka huo. Maeneo mengine ilipunguzwa hadi 1,000. Anayejenga vyumba vitatu anabanwa, mwenye mradi mkubwa aliwahi. Haki iko wapi?

Mleta mada
Hapo nakuunga mkono kabisa. Ada ipungue kwa anayejenga nyumba ya kuishi, na iwe kali kwa anayesafisha mamia ya ekari.

Mchangiaji wa 2, rudi kwenye moto wako. Iliyoungua Cima ni ya aina ya mashariki. Ya Boron ni ya magharibi, na kila aina ina nondo wake. Kwa hiyo huwezi kuchukua hasara ya kule ukaifanya ruhusa ya kukata huku. Ni miti miwili na nondo wawili. Na kama joto litaua mingi kama unavyosema, basi inayozaa leo ndiyo yenye mbegu tutakazozihitaji. Nambie, paneli zile zingepungukiwa nini zikiwekwa kwenye shamba lililoachwa kwa kukosa maji?