Ushauri: kibao changu kimeandikwa "cheap", nikibadilishe niweke neno gani?

Mama wa Pangani

Wanajukwaa, heshima kwenu. Nina nyumba ya wageni yenye vyumba vitano hapa Pangani, si mbali na kivuko, na kwa miaka mitatu kibao cha nje kimesomeka "CHEAP ROOMS, CHEAP FOOD", kwa kuwa nilitaka wageni wajue kwamba vyumba ni vya bei rahisi na chakula vilevile. Wiki iliyopita mzee mmoja kutoka Uingereza, alipokuwa akilipa, aliniambia kwa upole kwamba alipokiona kibao alikaribia kupita zake, maana kilimfanya awaze kunguni, na kwamba chumba alichokikuta hakistahili neno hilo. Nimefungua kamusi nikakuta "inexpensive", "affordable", "low-cost", "economical" na "reasonable", karibu yote yakielezwa kuwa ni "-a bei nafuu". Ikiwa yote ni mamoja, mbona hili moja limemtia mgeni wasiwasi? Naomba mnisaidie mapema, kwa sababu fundi wa mabango anatoza kwa herufi, na "inexpensive" peke yake lina herufi 11.

Mwalimu Mstaafu

Dada yangu, kamusi haikukudanganya, ila imekupa nusu ya habari. "Cheap" lina maana ya bei ndogo na lina maana ya ubora duni, na maana hizo mbili hutembea pamoja kiasi kwamba ukisema "cheap shoes" msikilizaji hawezi kujua kama unasifu viatu vya bei nzuri au unalalamikia viatu vitakavyoachia soli kabla ya Idi. "Inexpensive" limebaki kwenye bei tu, halina dharau, lakini ni neno la maandishi. Sokoni hulisikii mara nyingi. "Affordable" halizungumzii bei hasa, linazungumzia mfuko wa mnunuzi, hivyo hata gari la shilingi milioni 80 huweza kuitwa hivyo mbele ya mtu mwenye uwezo nalo. "Reasonable" ni bei ya haki, ambayo si lazima iwe ndogo. "Economical" liweke kando kabisa, kwa sababu ni la kitu kinachotumia kidogo, kama gari lisilobugia mafuta au jiko linalopika kwa kuni chache.

Jambo la sarufi: kwa Kiingereza, bidhaa ndiyo huwa "cheap", bei huwa "low". Wanaosema "cheap prices" ni wengi, lakini mhariri makini hulikata.

Mnisamehe nitoke nje kidogo, kwani nimefundisha lugha hii miaka mingi na siwezi kujizuia. Zamani neno hili halikuwa na ubaya wowote. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa nomino yenye maana ya biashara, na ndiyo maana London kuna mtaa unaoitwa Cheapside, uliokuwa soko, ambao jirani zake ni Bread Street, Milk Street na Poultry, yaani mkate, maziwa na kuku. Watu walisema "good cheap" kwa maana ya biashara iliyomfaa mnunuzi, kama Wafaransa wanavyosema hadi leo "bon marché". Baadaye "good" likadondoka, na mwenzake akabaki peke yake bila kitu cha kumtetea.

Mswahili wa Maskati

Shikamoo Mwalimu. Naongeza kwamba Mama hakukosea kwa uzembe, bali amevutwa na "rahisi" letu. Neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na huku Omani bado ni la bei ndogo. Jambo lisilo gumu huitwa kwa neno jingine, lile lililofika kwetu kama "sahali". Kiswahili kikaamua kulipa "rahisi" kazi zote mbili, ndipo tukawa na samaki rahisi na mtihani rahisi. Hata hivyo tusijifanye kwamba kwetu neno hilo ni safi daima, maana mtu asiyejiheshimu tunasema anajirahisi, na hapo tumekutana na Waingereza njiani, kwa sababu nao wakimwita mwanamke "cheap" wamemtukana.

Dereva wa Watalii, Arusha

Kwa heshima zote, Mwalimu amelihukumu neno hili kwa ukali. Vijana wanaosafiri na mabegi mgongoni hutafuta "cheap rooms" na "cheap flights" kwenye simu zao bila aibu, na sijamwona hata mmoja akiandika "inexpensive". Waingereza wenyewe wana msemo "cheap and cheerful" kwa kitu cha kawaida kinachopendeza. Kwa hiyo Mama, kwenye tangazo la intaneti liache, lakini kibaoni liondoe, kwani anayepita barabarani hakuwa akikutafuta.

Tena usilitumie kamwe kwa mtu. Nilipoanza kazi nilimwambia mteja Mmarekani "You are very cheap", nikidhani nimemweleza kwamba safari yake imemgharimu kidogo, kumbe nimemwita bahili, mkono wa birika. Hatukuzungumza hadi jioni. Mwingereza angetumia "mean" kwa ubahili huohuo, lakini kwa Wamarekani "mean" mara nyingi ni mtu mwenye roho mbaya, hivyo hapo pia kuna shimo.

Mkazi wa Nairobi

Mimi nakuomba usikimbilie "affordable". Huku Kenya, chini ya sheria ya nyumba za bei nafuu ("Affordable Housing Act") ya mwaka 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, na wengi wetu tukilisikia neno hilo huuliza kwanza: nafuu kwa nani? Uingereza nako limekuwa neno la serikali. Tangu mwaka 2011 kodi ya pango inayoitwa "affordable rent" inaweza kufika asilimia 80 ya kodi ya pango ya bei ya soko, na katika jiji ghali asilimia 80 ni fedha nyingi. Ni neno la muuzaji anayekwepa kutaja bei. Wewe itaje, kisha tumia "fair", lenye herufi nne tu.

Mama wa Pangani

Nawashukuru nyote, na Mwalimu shikamoo. Nimeamua kibao kisome "CLEAN ROOMS, FAIR PRICES", kwa sababu "clean" linajibu hofu ya kunguni moja kwa moja, na jumla ni herufi 20, yaani moja tu zaidi ya zile za mwanzo. Chakula nimekiondoa kibaoni, kwani samaki wangu wa kukaanga hujitangaza wenyewe kuanzia saa kumi na moja jioni. Chini nitaweka bei, shilingi 45,000 pamoja na chai ya asubuhi. Limebaki moja: fundi anasema tarakimu anazihesabu kama herufi, na sasa anadai hata alama ya mkato iliyo katikati ya 45,000 ina malipo yake. Je, huko kwenu nayo hulipiwa?