Mashine ya kukata vigae inanipa shoti ndogo mkononi, breka haikati. Niendelee?

Sakafu_Mpya
Habari wakuu. Naweka vigae bafuni mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Nimeazima mashine ya meza, ile yenye beseni la maji chini ya diski. Jana jioni nikiwa nimeshika fremu kwa mkono wa kushoto nilihisi kama sisimizi wanatembea vidoleni. Nikatoa mkono, nikagusa tena, hali ileile. Sakiti breka haikukata, nikajiambia labda ni mtetemo wa mota.

Vimebaki vigae 14, karibu vyote vya kukata kona. Nawaza niachane na maji kabisa, nikate kavu kwa grinda na kufunga kitambaa puani. Mnashauri nini?

Fundi_Kona
Ndugu yangu, chomoa plagi kwanza, halafu urudi kusoma. Huo si mtetemo, ni umeme unaopita mwilini mwako kuelekea chini. Umepona kwa sababu jana ulikuwa mdogo. Leo sakafu ikilowa zaidi, au ukiwa pekupeku, hautakuwa mdogo.

Breka kutokata hakukuhakikishii lolote. Breka ya ampea 16 kazi yake ni kulinda nyaya zisiungue. Mtu anakufa kwa umeme mdogo mno kuliko huo, na breka haitajua. Kinachomlinda mtu ni RCD, ile yenye kitufe cha kujaribia. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, yaani ampea 0.03, inakata ndani ya sekunde 0.3. Zipo za kuchomeka ukutani, kisha mashine unaichomeka juu yake. Bonyeza kitufe kila siku kabla ya kazi. Isipokata, itupe.

Mashine yangu ya kwanza ilinifanyia hivyohivyo. Nilipofungua plagi nikakuta waya wa kijani na njano, ule wa ethi unaopeleka ardhini umeme uliovuja, umekatwa na kuviringishwa utepe, kwa sababu aliyebadilisha plagi alikuwa na ya pini mbili. Na pale kebo inapoingia kwenye mashine palikuwa na mpasuko mwembamba kama ukucha. Maji yalikuwa yakipenya hapo siku nyingi bila mimi kujua.

Angalia pia kebo inavyoshuka. Iache ilegee, ining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotiririka lidondoke pale bondeni lisifike kwenye plagi. Ekstensheni iinue kutoka sakafuni na uikunjue yote. Ikibaki imeviringishwa inapata moto.

Sakafu_Mpya
Nimechomoa, nimefungua plagi. Waya wa kijani na njano umetoka kwenye skrubu, upo tu unaelea. Nikiukaza itatosha?

Fundi_Kona
Haitoshi, kaka. Ukaze, ndiyo, lakini ethi kutoka ni kosa moja tu. Kosa la pili ni kwamba kuna mahali umeme unavujia kwenye fremu, na hilo bado lipo. Fundi umeme aipime kabla hujaiwasha.

Vumbi_Kimya
Naomba niseme kuhusu hiyo grinda, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kaka yangu alikata vigae na mawe makavu miaka 11, kitambaa puani kama unavyotaka kufanya. Leo akipanda ngazi anakaa katikati kupumzika. Ana silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, na haina tiba.

Kigae kina silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Vumbi jeupe unaloliona kwenye kope silo linaloua, hilo linaanguka. Linaloua ni lile laini lisiloonekana, linabaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na linapenya kitambaa kana kwamba hakipo. Ukitaka kuliona, zima taa baada ya kukata kavu, umulike tochi kwa upande. Tangu mwaka 1997 IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, imeliweka kundi la 1, yaani linalojulikana kusababisha saratani.

Kwa hiyo maji usiyaache. Vaa na barakoa ya N95 au FFP2, bati la pua ulibane, na ndevu unyoe, la sivyo hewa inapita pembeni.

Fundi_Kona
Dada amesema kweli, pole sana kwa kaka. Niongeze moja: msimpe mtu chupa amwagie maji grinda wakati unakata. Grinda ina matundu ya kupoza mota na inavuta hewa humo, itavuta na maji.

Na lile tope la beseni, plagi ikiwa nje, limwage likiwa bado bichi. Maji yakishakuwa mazito badilisha, kwa sababu ukungu unaorushwa na diski unabeba vumbi hilohilo. Sakafu futa kwa tambara bichi. Likikauka ukalifagia, umelirudisha lote hewani.

Sakafu_Mpya
Nimeelewa. Mashine iko kwa fundi umeme, RCD nimepata. Mwenye mashine nimempigia simu nikamweleza, maana ana vijana wawili wanaoitumia kila wiki.