Kazi katika shirika la umeme la serikali: walio ndani mnasemaje?

Mwuliza swali

Ndugu zangu, nimehitimu uhandisi wa umeme na nimefanya kazi miaka miwili kwa mkandarasi mdogo anayefunga nyaya za majengo. Sasa nimepata nafasi katika shirika kubwa linalomilikiwa na serikali, lile ambalo huzalisha, husafirisha na kusambaza umeme lenyewe, nami nimepangwa idara ya usambazaji. Nyumbani wanashangilia pensheni, huku rafiki zangu wakinitania kwamba nakwenda kuozea kwenye mafaili. Habari za mshahara sizihitaji, kwani nimeuona kwenye barua. Naomba mnieleze siku yenyewe ya kazi inavyokwenda, na ni jambo gani lililowashangaza mlipoingia.

Fundi wa laini, miaka 19 kazini

Mdogo wangu, hongera. Kilichonishangaza mimi ni wingi wa makaratasi mahali ambapo sikuyategemea, yaani chini ya nguzo. Kabla hatujagusa laini ya kilovolti 11, msimamizi huomba kibali kwa chumba cha udhibiti, swichi huzimwa, hufungwa kwa kufuli na kuwekwa lebo, namba ya kibali huandikwa pande zote mbili na kusomwa kwa sauti, kisha sisi wenyewe tunapima tena na kuunganisha nyaya zote tatu na ardhi. Nilipokuwa mgeni niliuona huo ni urasimu mtupu. Laini imekwisha kuzimwa, kwa nini tusipande tukamaliza?

Siku moja tulitumwa kubadilisha kikombe kilichopasuka, kile cha kauri kinachotenga waya na nguzo. Kibali kilikuwa mkononi na mimi nilikuwa nimekwisha kufunga mkanda wa kupandia. Mwenzangu akainua kipima umeme kwenye fimbo yake ndefu, nacho kikalia. Kipande kile cha laini kilikuwa na transfoma moja tu, na mteja wake mmoja alikuwa amewasha jenereta bila kutenganisha nyaya zake na zetu. Transfoma haibagui upande: volti 400 zikiingizwa chini, juu hutoka volti 11,000. Nilifungua mkanda, nikakaa juu ya boksi la vifaa, na hakuna aliyenicheka.

Kwa hiyo usidharau kila karatasi. Zipo nyingine, nakiri, ambazo hazimlindi mtu yeyote isipokuwa aliyezibuni, na utazitambua kwa kuwa huombwa baada ya kazi kuisha.

Mwendeshaji, chumba cha udhibiti

Naongezea kwa upande wetu. Gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, yenyewe si ghala la umeme. Mzigo ukizidi uzalishaji, masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, huanza kushuka chini ya hezi 50, au 60 kwa nchi zinazotumia kiwango hicho, na yakishuka mno rilei, yaani vifaa vya ulinzi vinavyojiendesha, hukata baadhi ya laini ndani ya sekunde chache ili mfumo mzima usianguke. Ndipo simu zinapoanza. Mwananchi wa kawaida hupiga kituo cha huduma kwa wateja na kusubiri zamu yake. Mkubwa mwenye namba yetu hutupigia moja kwa moja akitaka kujua ni nani aliyezima kwake. Katika kampuni binafsi simu ya namna hiyo ingetoka kwa mwenye hisa. Kwetu, kila mtu anajiona mwenye hisa, na kwa kweli hakosei sana.

Usiku wa zamu ni mrefu, jiandae.

Ofisa, idara ya ununuzi

Mafundi hutulaumu sisi transfoma ikiungua na wananchi wakakaa gizani huku ghala likiwa tupu. Lawama hiyo ina haki nusu. Fedha ni za umma, hivyo siwezi kumpigia muuzaji niliyemzoea na kumwambia alete. Zabuni hutangazwa, hufunguliwa mbele ya watu, hutathminiwa, na aliyeshindwa ana haki ya kukata rufaa, jambo ambalo husimamisha kila kitu. Dawa ni mikataba ya muda mrefu inayosainiwa kabla ya uhitaji, ili transfoma ikiungua tuagize tu. Tatizo ni kwamba mikataba hiyo hutaka bajeti ya uhakika, ilhali bei ya umeme mara nyingi haipangwi na shirika peke yake, na baadhi ya wadaiwa sugu ni ofisi za serikali hiyo hiyo inayotumiliki. Kuikatia umeme ofisi ya aliyekuajiri si uamuzi unaofanywa na meneja mdogo kabla ya chai.

Jambo jingine: usidhani shirika la serikali halibadiliki. Ufaransa ilitaifisha umeme mwaka 1946 na kuunda shirika la umeme la EDF, ikauza sehemu ya hisa mwaka 2005, kisha ikazirudisha zote mikononi mwa serikali mwaka 2023. Mtu aliyeanza kazi humo akiwa kijana kabla ya 2005 amepitia hali zote tatu bila kuhama meza.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Nikipewa nafasi ya kuchagua mwaka wa kwanza, niombe kikosi gani?

Fundi wa laini, miaka 19 kazini

Omba kikosi cha dharura, hata kama wahandisi wenzako watataka uanze na usanifu ofisini. Huko utaijua mitambo kwa hitilafu zake, na mafundi watakuzoea kabla hujawa bosi wao. Utakapofika, omba daftari la vibali ulisome kurasa za miezi mitatu iliyopita. Ukikuta mwandiko mmoja pande zote mbili, yaani aliyeomba kibali na aliyekitoa ni mtu yule yule, rudi uombe kituo kingine.