Naomba ushauri: mita 60 za ufukwe wa Ziwa Tanganyika zinapimwa kutoka wapi?

Ndugu zangu, ninaishi kijijini kusini mwa Ujiji, mkoani Kigoma, katika kiwanja cha marehemu baba chenye hati ya hakimiliki ya kimila. Baba alipojenga, ziwa lilikuwa mbali. Tangu maji yalipopanda miaka ya karibuni, mwembe alioupanda umesimama ndani ya maji, na vichanja vya mama vya kuanikia dagaa vimehamishwa mara mbili.

Sasa tumeambiwa kwa mdomo tu kwamba nyumba imo ndani ya mita 60. Nimeisoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nikaona kwamba katazo la shughuli za kudumu ndani ya mita 60 linahusu fukwe za bahari na za maziwa ya asili pia, pamoja na kingo za mito. Hivyo wanaodhani ni jambo la watu wa pwani peke yao wanakosea. Sheria naiunga mkono, kwani ufukwe ukiharibiwa, mazalia ya samaki hupotea.

Naomba kueleweshwa: kipimo huanzia ukingo wa zamani au maji yalipofika leo? Je, hati iliyotangulia sheria hiyo inatupa haki ya fidia?