MJADALA: Aizu walikosea kukataa mkono wa amani wa Choshu?

Kibopa wa Historia

Wakuu heshima kwenu. Mwaka 1986 mji wa Hagi, mkoa wa Yamaguchi huko Japani (ndo yalikuwa makao ya himaya ya Choshu), uliwapelekea ombi wenzao wa Aizuwakamatsu mkoa wa Fukushima (makao ya himaya ya Aizu), kwamba jamani tangu tuchapane mwaka 1868 miaka karibu 120 imekatika, tufunge urafiki wa miji yaishe. Aizu wakagoma, wakasema bado mapema. Mpaka leo hawajasaini. Mimi nasema walikuwa sahihi, anayepinga aje na hoja sio matusi.

Kwa wasioijua stori naifupisha. Japani ya zamani ilikuwa imegawanyika kwenye himaya ndogondogo karibu 300, kila moja na ukoo wake unaotawala, na juu yao wote yuko shoguni wa ukoo wa Tokugawa kule Edo (ndo Tokyo ya leo). Aizu alipewa Hoshina Masayuki mwaka 1643, huyu alikuwa mtoto wa nje wa shoguni Hidetada, na himaya yenyewe ilikadiriwa koku 230,000, koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Baadaye ukoo ukachukua jina la Matsudaira. Sasa huyu Masayuki mwaka 1668 aliacha wosia wa vifungu 15, na kifungu cha kwanza ndo kiliwaponza wajukuu zake miaka 200 mbele: mtumikieni shoguni kwa moyo wote, na mtawala yeyote wa Aizu atakayemgeuka huyo sio uzao wangu na msimfuate.

Ikafika 1862 Kyoto inawaka, watu wanachinjana mitaani, shoguni anatafuta mtu wa kwenda kulinda mji wa mfalme. Akabanwa Matsudaira Katamori, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hata Aizu hakuzaliwa, aliasiliwa tu kutoka tawi lingine la familia. Washauri wake wakiongozwa na Saigo Tanomo wakamwambia mkuu usiende, hiyo ni kubeba kuni kwenda kuzima moto, lakini akawekewa ule wosia mezani, angekataa vipi? Akaenda, akakaa miaka mitano, akafanya kazi mpaka Mfalme Komei mwenyewe akamwandikia barua ya shukrani kwa mkono wake. Choshu na Satsuma, himaya nyingine kubwa, wakaungana kimyakimya, Mfalme akafariki, shoguni Yoshinobu akapigwa kwenye vita ya Toba-Fushimi Januari 1868 halafu usiku akapanda meli akakimbilia Edo akiacha jeshi lake Osaka, na Katamori akaambiwa twende. Yoshinobu akajisalimisha akasamehewa, akafa mzee kitandani 1913. Aliyebaki kubebeshwa jina la adui wa mfalme ni yule mwenye barua ya mfalme!

Aizu waliomba radhi, himaya jirani za Sendai na Yonezawa zikawaombea, jibu likawa hapana. Ngome yao ya Tsuruga ikazingirwa mwezi mzima mpaka Novemba 1868. Vijana wa Byakkotai, kikosi cha vijana wa Aizu wa miaka 16 na 17, waliona moshi kutoka kilima cha Iimori wakadhani ngome imeanguka wakajiua, 20 walijaribu na 19 wakafa. Nyumbani kwa Saigo Tanomo wakajiua watu 21, wamo na watoto wadogo. Halafu mtu anakuja 1986 na karatasi anasema yaishe?

Ngosha

Mkuu umesimulia vizuri ila umeruka kurasa. Katamori hakwenda Kyoto kugawa peremende. Shinsengumi, kile kikosi cha wapiga panga wa kulinda Kyoto, walikuwa chini ya nani? Chini yake. Waliovamia nyumba ya wageni ya Ikedaya mwaka 1864 wakaua vijana wa Choshu ndo hao hao. Mwaka mmoja kabla, Septemba 1863, Aizu na Satsuma walishirikiana kuwafurusha Choshu Kyoto kama mbwa, na waliporudi 1864 na silaha kudai haki yao wakapigwa pale malango ya ikulu na mji ukaungua. Choshu walizika watu wengi sana kabla hata ya hiyo 1868 unayoililia.

Alafu huyo Choshu mnayemuona katili naye alikuwa na kinyongo chake. Ukoo wa Mori uliotawala Choshu ulikuwa na koku kama milioni 1.2, wakashindwa vita ya Sekigahara mwaka 1600 Tokugawa akawanyang'anya zaidi ya nusu akawafukuzia pembeni huko Hagi. Wamekaa nalo miaka 268. Kwahiyo ukisema Aizu wana haki ya kutosamehe basi na Choshu walikuwa na haki ya kulipiza, huwezi kuchukua upande mmoja wa mizani. Na mwaka 1928 mjukuu wa Katamori aliolewa na mwanamfalme Chichibu, mdogo wake Mfalme Hirohito, jina la uadui likasafishwa mbele ya nchi nzima. Deni lishalipwa hilo.

Mama Nasra

Wanangu mnabishana vizuri, ngoja niwaulize kitu. Kwenye hii ugomvi hoja kubwa waliyokuwa wanaitaja Aizu ni kwamba baada ya vita serikali mpya ilikataza maiti zao zisizikwe, zikaachwa mvua na kunguru mpaka majira ya kuchipua mwaka uliofuata. Hilo ndo lilikuwa linawatoa watu machozi, linasimuliwa kila mahali. Sasa mwaka 2017 zikatoka habari za daftari la matumizi la wakati ule ule, linaonyesha maiti 567 zilizikwa siku chache tu baada ya ngome kusalimu, limeandikwa maeneo na pesa iliyotumika.

Sisemi kwamba hawakuteswa, la hasha. Nasema chuki nyingine inapikwa baadaye. Wajukuu wanaongeza chumvi, vitabu vya hadithi vinaongeza pilipili, watalii wanakuja wanataka kusikia maumivu, na mji unaishi kwa hayo maumivu. Pale Iimori juu kuna hadi nguzo ya Kirumi ambayo Italia ya Mussolini ilileta mwaka 1928 kuwaenzi wale watoto waliojiua. Mtoto wa miaka 16 kajiua kwa kukosea kuona moshi, mafashisti wakamgeuza tangazo. Hapo ndo ujue kumbukumbu ikiwekwa mikononi mwa watu inaenda popote.

Kibopa wa Historia

Shikamoo mama. Lile daftari nalijua na sina ugomvi nalo, hata mimi siijengi hoja yangu kwenye maiti. Hoja yangu ni Tonami. Baada ya kushindwa ukoo ulinyang'anywa Aizu yote, mwaka 1870 wakapewa kipande huko kaskazini kabisa peninsula ya Shimokita, kwenye makaratasi koku 30,000 lakini ardhi yenyewe inatoa kama 7,000 tu, baridi, udongo mbovu, na wakahamia watu kama 17,000. Fanyeni hesabu wenyewe. Shiba Goro alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, bibi yake, mama yake na dada zake walijiua siku ngome inavamiwa, akafika Tonami wakawa wanakula nyama ya mbwa aliyekufa, ikamkwama kooni, baba yake akamkaripia ameze, kwamba wakifia huku kwa njaa Satsuma na Choshu watawacheka. Huyo mtoto baadaye akawa jenerali kamili wa jeshi la Japani, na uzeeni akayaandika haya yote.

Na Ngosha unasema deni limelipwa, mbona Yasukuni hawamo? Lile hekalu la Tokyo lilianzishwa 1869 kuwaenzi waliokufa upande wa mfalme. Aizu waliokufa 1864 wakilinda malango ya ikulu waliingizwa, tena mpaka 1915 ndo wakakumbukwa, ila waliokufa 1868 hawamo hadi leo. Ukoo ule ule bendera ile ile miaka minne tu katikati!

Mchumi Njaa

Nimesoma yote kimya nikisubiri mtu amtaje mkulima, hakuna. Kila anayelia hapa ni samurai, kila jina ni la samurai, mpaka mbwa aliyeliwa kaliwa na samurai.

Wakuu, vita inakuja, jeshi la serikali limevuka njia ya mlimani ya Bonari linashuka mjini, wenyeji wa kawaida walifanya nini? Walibeba mizigo wakakimbia. Itagaki Taisuke wa himaya ya Tosa alikuwa kamanda upande wa wavamizi, alisimulia baadaye kwamba kilichomshangaza Aizu ni hicho, himaya yenye sifa ya utii nchi nzima halafu inapokufa wanakufa nayo samurai peke yao, wakulima na wachuuzi wanaangalia kama msiba wa jirani. Yeye mwenyewe alisema hapo ndo alipoanza kufikiria haki za raia, na baadaye akaongoza ile harakati ya kudai bunge.

Na haikuishia kuangalia. Ngome imesalimu Novemba, mwezi huo huo wakulima wa Aizu wakaamka, kijiji baada ya kijiji, wakavamia nyumba za wakuu wa vijiji wakachoma madaftari ya kodi na ya madeni, wakataka wakuu wapya wachaguliwe na wanakijiji. Yaani bwana wao kakamatwa, wao wanafanya sherehe ya kuchoma risiti. Kwanini? Kwasababu ile miaka mitano ya Kyoto ambayo Kibopa anaisifia haikulipwa na barua ya mfalme, ililipwa na mchele wao. Kulisha jeshi mji wa mbali, silaha, safari, vyote vimekamuliwa vijijini. Na hawakuanza 1868, mwaka 1749 pia waliinuka kwa maelfu wakaenda mpaka mjini kisa kodi.

Kwahiyo swali langu ni moja, 1986 waliokataa walikataa kwa niaba ya nani? Meya amepigiwa kura na wajukuu wa wachoma madaftari. Wao Choshu aliwakosea nini zaidi ya walivyokosewa na Matsudaira?

Ngosha

😂😂 Sherehe ya kuchoma risiti. Kibopa njoo huku.

Binti wa Kigoma

Mimi nina swali la pembeni samahani. Kama waliovuka Bonari wakiongozwa na huyo Itagaki wa Tosa na kamanda mwingine wa Satsuma, tena sehemu kubwa ya Choshu walikuwa bado wanapigana upande mwingine, jimbo la Echigo, mbona chuki yote inamwangukia Choshu? Satsuma ndo aliyekuwa rafiki wa Aizu 1863 halafu akamgeuka! Mimi ningemchukia msaliti kuliko adui.

Kibopa wa Historia

Dada swali zuri. Satsuma walilipwa chao 1877. Saigo Takamori alipoasi serikali aliyoijenga mwenyewe, waliokuwa samurai wa Aizu wakajazana polisi wakaenda kupigana naye Kyushu, Sagawa Kanbei akafia huko huko. Kwahiyo na Satsuma walionana uso kwa uso, Choshu hawakuwahi kupata hiyo nafasi, Choshu wakabaki juu wanatoa mawaziri wakuu. Na Satsuma kulikuwa na ndoa pia. Oyama Iwao aliipiga ngome ya Aizu kwa mizinga akajeruhiwa hapo hapo, ndani ya ngome alikuwemo mtoto wa kike miaka minane, Yamakawa Sutematsu. Huyo binti akapelekwa Marekani 1871, akasoma chuo cha Vassar, akarudi, na 1883 akaolewa na nani? Oyama huyo huyo. Familia yake ilipinga kwanza ila ikapita.

Kwahiyo Aizu wanajua kusamehe. Wanasamehe mtu, hawasamehe mji kwa mhuri.

Sasa Mchumi. Hoja yako nzito ila umeipaka rangi moja. Masayuki yule yule alianzisha maghala ya akiba ya nafaka vijijini mwaka 1655, njaa ikija watu wakope, na 1663 akaagiza kila mzee wa miaka 90 kwenda juu awe samurai awe mkulima apewe mgao wa mchele. Utawala wa kikabaila gani mwingine enzi hizo ulikuwa na pensheni? Na wapo wakulima walioandikishwa wakapigana.

Mchumi Njaa

Kaka pensheni ya miaka 90 enzi ambayo watu wanakufa na 40, hata mimi ningeiahidi 😂. Maghala sawa nakubali yalisaidia watu, lakini yale yalikuwa mkopo wenye riba, sio sadaka. Na hata tukisema Masayuki alikuwa mwema, kati yake na Katamori kuna miaka 200, mkulima wa 1868 hali mchele wa 1663.

Na wosia wenyewe usome tena. Unamwambia mtawala amtii shoguni kuliko chochote. Hausemi mtawala akiona watu wake wanaangamia aachie. Kwahiyo aliyewaua wale watoto wa Iimori nusu ni Choshu, nusu ni karatasi ya babu.

Mama Nasra

Hapo mwanangu umenigusa. Wale watoto walilelewa na ile shule ya Nisshinkan, iliyofunguliwa 1803, na kabla hata ya shule walikuwa na kanuni za watoto za kukariri kila siku, usidanganye, usimwonee mnyonge, mwisho wake kisichofaa hakifai basi, hakuna kuuliza. Hizo kanuni hadi leo mji unazibandika. Mimi kama mzazi nazipenda zote isipokuwa hiyo ya mwisho.

Kuhusu kusaini, mmesahau 2007 Abe Shinzo akiwa waziri mkuu, kura zake zilikuwa za Yamaguchi, alifika Aizuwakamatsu kwenye kampeni akawaambia wakubwa wetu waliwasumbua, akawaomba radhi kiutani utani hivi. Na tetemeko la 2011 lilipoipiga Fukushima, Hagi walituma misaada na Aizu wakapokea wakashukuru. Halafu 2018 serikali inasherehekea miaka 150 ya Meiji, yaani ile serikali mpya ya mfalme, Aizu wao wakaandika mabango ya miaka 150 ya vita ya Boshin, ndo hiyo vita ya 1868. Wanapokea mchango kwenye msiba ila kwenye sherehe hawaendi.

Ngosha

Mama sasa hiyo si ndo urafiki tayari? Karatasi ya nini tena?

Kibopa wa Historia

Ndo ninachosema tangu juu! Karatasi ingewafaa Hagi kupigia picha. Aizu imewapungukia nini kwa kutokusaini?

Mchumi Njaa

Haijawapungukia kitu, na mimi siwalazimishi wasaini. Ninachotaka siku mji ukiweka bango la Boshin, pembeni ya wale vijana 19 waandike na vijiji vilivyochoma madaftari mwezi ule ule. Wakishaandika hilo, wakatae Hagi hata miaka 500.

Binti wa Kigoma

Hilo bango Kibopa utalisaini?

Kibopa wa Historia

Nasaini. Ila Yasukuni kwanza.